Mtu wa Bendera Hanywi Supu

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua kwamba mimi ni msichana mpole, mnyenyekevu, mpenda haki, na kwamba yule mbuzi aliyekutwa ofisini kwa Mwenyekiti alipanda ngazi kwa hiari yake mwenyewe.

Kwa wale ambao wiki zilizopita walikuwa na kazi bora zaidi ya kufanya, nitasema machache halafu tuendelee na uovu.

Naitwa Dervla Mulgreevy. Nina miaka kumi na sita. Nasoma bweni kwa watawa, ambako nimefundishwa Kilatini, kuomba msamaha kwa maandishi, na kutembea kimya kwenye korido. Hilo la tatu ndilo limenifaa maishani.

Kijijini kwetu Kilbrack, pwani ya kaunti ya Mayo, ukirusha jiwe utampiga Mulgreevy, na jiwe likidunda litampiga binamu yake. Ndiyo maana jina hilo halitumiki. Kila tawi lina jina lake la kuitwa. Wapo Mulgreevy wa Bendera, ambao babu yao wa zamani alibeba bendera mbele ya maandamano. Na tupo sisi, Mulgreevy wa Supu.

Supu hiyo si ya kujivunia. Wakati wa Njaa Kuu, viazi vilipooza ardhini, mchungaji wa Kiingereza aitwaye Thackwell aliweka sufuria uani kwake. Aliyetaka kunywa alikana kwanza dini ya mama yake. Wengi walichagua kufa. Sisi, inasemekana, tulichagua kijiko. Vizazi vimepita na kijiko hakijatutoka mdomoni.

Watu wa Bendera, ili dunia isiwachanganye na sisi, hawanywi supu hadharani mpaka leo. Iwe harusi, iwe matanga, wakiwekewa bakuli wanalisukuma pembeni. Hoteli yetu imeshazoea. Meza ya Bendera hupelekewa vipande vya tikiti.

Mkuu wa watu hao ni Fintan, dalali wa nyumba na mashamba, Mwenyekiti wa Chama cha Ukoo, mwenye kushika funguo za Abasia. Abasia ni kuta nne za kale zisizo na paa, na ndani yake ndimo wanamozikwa Mulgreevy tangu enzi za watawa.

Mwaka juzi bibi yangu Attracta alifariki. Tulibeba jeneza mpaka getini. Mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu. Fintan alikuwa amesimama pale, mwavuli mkono huu, ufunguo mkono ule.

"Poleni sana," alisema. "Lakini Abasia ni ya shina lenyewe. Si ya kila aliyebeba jina."

Babu yangu Coleman alivua kofia yake. Alisimama mvuani, akamtazama Fintan, halafu akawaambia wabebaji neno moja tu.

"Geuzeni."

Wakageuza. Bibi sasa amelala makaburi mapya kando ya uwanja wa mpira, na kila Jumapili mpira humdondokea kifuani.

Siku ile niliapa. Tangu hapo nimempelekea Fintan mbuzi, nimempelekea bendi ya tarumbeta alfajiri ya siku yake ya kuzaliwa, na nimesimika kibao cha INAUZWA mbele ya nyumba yake, akapata wateja wenye nia. Hakuna kilichotosha. Babu naye moyo wake umeanza kuchoka. Daktari amemshauri asikusanye kuni za misimu miwili. Ombi lake ni moja: azikwe Abasia, na Bibi aletwe alale ubavuni mwake.

Hapo ndipo alipotua Bwana Wendell Mulgreevy, daktari wa meno mstaafu kutoka Ohio, na sanduku la vijiti vya pamba.

Daktari Wendell hukusanya Mulgreevy kama wengine wanavyokusanya stempu. Anao wa Amerika, wa Australia, wa kaunti za jirani. Anasugua shavu kwa ndani, anatuma kijiti maabara, DNA inasomwa, naye anajua nani ametoka kwa nani. Kuna alama inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwenda kwa mwana wake, pamoja na jina la ukoo. Mulgreevy wengi duniani wana alama ile ile. Hao anawaita shina.

Fintan aliposikia neno shina, macho yalimwaka. Aliitisha kikao akapitisha sheria papo hapo: kuanzia sasa, wa kuzikwa Abasia ni yule tu ambaye kipimo kitamkuta ndani ya shina, pamoja na mke na watoto wake. Halafu akawa wa kwanza kupanua mdomo, mbele ya mpiga picha wa gazeti.

"Una gego linalooza huku nyuma, Mwenyekiti," Daktari Wendell alisema.

Mimi nilijipanga mstarini nikafungua mdomo. Daktari alinicheka kwa upole.

"Wewe hatukuhitaji, binti. Alama hii ni ya wanaume. Wanawake hawaonekani kwenye kipimo hiki."

Nilimwambia kwamba kutoonekana ndiyo fani yangu.

Baba yangu yuko Australia, migodini, hupatikana kwa shida. Alibaki Babu. Na Babu alikataa katakata. "Mdomo wangu unafunguka kwa chakula na kwa kitubio," alisema. "Daktari wa meno sina shida naye. Meno yenyewe yako kwenye glasi."

Kwa hiyo wiki iliyopita mliniacha Jumapili mchana, Babu amelala kwenye kiti chake baada ya kabichi na nyama ya nguruwe, mdomo wazi kama sanduku la barua, nami nimeinama juu yake na kijiti mkononi.

Naendelea.

Nilisugua.

Babu alikoroma, akanyamaza kidogo, halafu akakoroma tena kwa bidii zaidi. Nilisugua shavu la pili kwa ajili ya usawa. Nilikipeleka kijiti kwa Daktari Wendell nikamthibitishia kwamba Babu ameridhia. Mdomo wake ulikuwa wazi na sikusikia pingamizi lolote.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Yalifika asubuhi ile ile ya karamu ya ukoo, na hapa naomba muamini kwamba Mungu ana mpango na watu watundu.

Daktari Wendell alikuwa amenifanya msaidizi wake wa kompyuta. Vidole vyake vinene, vilivyozoea koleo, vilikuwa vinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Tulikuwa ukumbini hotelini, meza zinatandikwa, projekta imeelekezwa ukutani.

"Majibu yapo humu," alisema. "Sijayafungua. Nataka nishangae pamoja na watu wangu. Wewe panga majina tu. Kijani kwa walio ndani ya shina, nyekundu kwa walio nje. Na usinidokeze hata kwa nyusi."

"Daktari, mimi ni kaburi."

"Ndiyo maana nakuamini," alisema, akaenda kunyoa nywele.

Nilifungua jina la Fintan kwanza. Mwenye njaa haanzi na mboga za pembeni.

Hakuwemo.

Niliangalia tena. Fintan Mulgreevy wa Bendera, mshika funguo, hakulingana na shina hata kwa mbali. Mashine ilikuwa imempatia ndugu wengine. Thackwell wa Norfolk. Thackwell wa Kanada. Thackwell mwingine, muuza farasi.

Nilipiga magoti kati ya meza mbili na kumshukuru kila mtakatifu niliyemkumbuka kwa jina. Mwenye mwavuli. Mwenye ufunguo. Damu ya mchungaji mwenye sufuria. Tayari nilikuwa namwona akitembea kutoka ukumbini huku watu wakimfungulia njia, kama walivyotufungulia sisi njia na jeneza letu tulipogeuka.

Halafu nikafungua jina la Babu.

Thackwell wa Norfolk. Thackwell wa Kanada. Muuza farasi.

Namba za Babu na namba za Fintan zililingana zote isipokuwa moja, na Daktari alishanifundisha kwamba moja si kitu, ni kama chunusi kwenye uso wa pacha. Babu yangu na adui yangu walikuwa wametoka kwa mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa Mulgreevy.

Nilikaa sakafuni, pale pale nilipokuwa nimepiga magoti.

Mkae nami hapo kidogo. Nikionyesha ukweli, Fintan anaanguka, na Babu anaanguka naye. Fintan ana pesa za kununua kilima kizima na kuzikwa juu yake. Babu ana kiti kimoja cha kulalia na ombi moja. Sheria ni ya Fintan, ufunguo ni wa Fintan, lakini mlango ungemfungia Babu yangu.

Watawa hutufundisha kwamba shetani huja na ngurumo. Si kweli. Anakuja na orodha ya rangi, nawe unachagua.

Nilimpaka Babu kijani. Nilimweka kati ya Mulgreevy wa Leitrim na Mulgreevy wa Ohio, akapendeza. Fintan nilimwacha nyekundu, na ndugu zake wote watatu pembeni, muuza farasi nikamkoza wino.

Juu ya Fintan sikuandika uongo hata nukta. Hilo naomba liandikwe.

Jioni nilivaa aproni. Mimi pia ni mhudumu wa hoteli wakati wa likizo, kwani kisasi hakina mshahara. Nilikwenda jikoni kwa Philo, mpishi, mwanamke mwenye mikono kama ya mvuta kamba na masikio yasiyopitwa.

"Philo, tikiti la meza ya Bendera limeharibika."

"Limeharibika lini? Nimelikata sasa hivi kwa mkono wangu."

"Lina harufu."

Philo alilinusa tikiti. Akaninusa na mimi.

"Harufu inatoka kwako, wa Supu. Unapika nini?"

"Mimi? Mimi nabeba tu."

Philo alikuwapo getini siku ile ya mvua. Alichukua sinia lote la tikiti akalimwaga kwenye ndoo ya nguruwe.

"Akiuliza, leo sikuja na macho," alisema. "Supu ya viazi iko pale. Usiimwage njiani."

Ukumbi ulikuwa umejaa Mulgreevy kutoka pande zote, nje bado kweupe kama ilivyo kwetu kiangazi. Fintan alikuwa meza ya mbele, bendera ya ukoo imesimamishwa nyuma ya kiti chake ili picha zikipigwa imtoke kichwani kama ushungi wa jogoo.

"Aa, wa Supu," alisema aliponiona. "Hatimaye umepata kazi inayokufaa."

Meza yake ilicheka.

"Ahsante, Mwenyekiti."

"Na mzee Coleman hajambo? Nasikia moyo unamsumbua. Mwambie asiwe na hofu. Makaburi mapya yana raha yake. Mechi za bure kila Jumapili, na bibi yako ameshamshikia kiti."

Meza ilicheka tena, lakini kidogo, kwa sababu wengine waliona nimefika karibu na mkononi nina kitu cha moto.

Nililiweka bakuli mbele yake, taratibu, kama padri anavyoweka kikombe altareni.

"Hiki ni nini?"

"Supu ya viazi, Mwenyekiti."

"Sisi huletewa tikiti."

"Tikiti limeharibika. Wote mmepata supu."

"Ondoa."

"Liache tu hapo, lisikusumbue. Huenda baadaye ukajisikia nyumbani."

Alinitazama kama mtu aliyesikia panya darini lakini hajui ni upande gani. Alilisukuma bakuli kwa kidole kimoja. Meza nzima ya Bendera ikasukuma yake. Mabakuli yalisimama katikati yakifuka mvuke, kila mtu akijifanya hayaoni.

Daktari Wendell alipanda jukwaani, nywele mpya, kipaza sauti mkononi. Nilikwenda kusimama kando ya kompyuta. Alianza kwa kueleza jinsi alivyopata wito wa kutafuta ukoo wake akiwa ndani ya kinywa cha mtu huko Ohio. Watu walimvumilia.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Babu.

Alikuwa amevaa suti yake ya mazishi, ile aliyoivaa siku ya Bibi. Alikuwa ameniambia kwamba karamu ya Fintan haji hata akibebwa. Alipita katikati ya meza kwa fimbo yake, bila haraka. Mazungumzo yakazima meza kwa meza alivyokuwa akipita. Alikwenda mpaka meza ya Bendera, akavuta kiti kilichokuwa kando ya Fintan, akaketi.

Hakuna wa Supu aliyewahi kuketi pale. Fintan alihamisha kiwiko kana kwamba kingeloa.

"Coleman," alisema, "meza yako iko kule karibu na vyoo."

"Naijua," Babu alisema. Aliangalia lile bakuli lililosukumwa. "Dervla, niletee na mimi bakuli."

Nililileta.

"Babu," nilimnong'oneza nikiinama, "ulisema huji."

"Nimekuja kula. Na siku nyingine ukimsugua mtu shavu, kwanza hakikisha amelala."

Nilihisi damu ikishuka mpaka miguuni, na wakati huo sikuwa tena na uhakika ni damu ya nani.

"Ulikuwa macho?"

"Nilikoroma mpaka koo likaniuma."

"Mbona hukunizuia?"

"Nimechoka, mjukuu wangu. Baba yangu aliniapisha nisiseme. Hakuniapisha nisisuguliwe." Alichukua kijiko akakifuta kwa kitambaa. "Nikajua kijiti kitasema kwa niaba yangu. Leo kitasema, na kikishasema mimi niko huru kumalizia. Lakini daktari wako ana maneno mengi, na mimi muda sina. Nitaanza mimi."

"Babu, ngoja. Usianze wewe. Ngoja nikwambie kitu."

Alikuwa ameshasimama.

"Daktari," alisema kwa sauti, "niazime hicho kipaza sauti kabla hujatufikisha tena Ohio."

Ukumbi ulicheka. Daktari, ambaye anampenda mzee yeyote mwenye historia, alishuka akamkabidhi.

"Mimi ni Coleman wa Supu," Babu alisema. "Mnanifahamu. Mna jina mlilotupa, tumelibeba, hatukuwahi kulirudisha. Leo nalirudisha."

Fintan aliinua mkono. "Mzee, hapa si mahali pa..."

"Kaa, Fintan. Linakuhusu kuliko mimi."

Fintan akakaa. Sidhani alijua kwamba amekaa.

"Pale Abasia, safu ya mbele, kuna kaburi la Sabina Mulgreevy," Babu aliendelea. "Fintan hulifuta kila mwaka kabla ya picha. Sabina alikuwa Mulgreevy wa baba na mama. Wakati wa njaa alikuwa msichana wa kazi kwa mchungaji Thackwell. Yeye ndiye aliyekuwa akikoroga ile sufuria. Hakunywa. Alikoroga, akatazama wengine wakinywa. Na kwenye nyumba ile alipata watoto wawili wa kiume ambao baba yao hakuwapa jina."

Babu alihamisha fimbo mkono wa pili.

"Akawapa lake. Mmoja alichukuliwa na kaka yake Sabina, yule mbeba bendera, akalelewa kama mwanawe. Huyo ndiye mzee wako, Fintan. Mwingine alibaki na mama yake pale jikoni. Huyo ndiye mzee wangu. Yule mtoto aliyelelewa na mbeba bendera alipokua alimkana mwenzake, akamwita wa Supu, ili mtu asije akamuuliza yeye alizaliwa wapi. Ndugu, tumbo moja. Baba yangu alisema tusiseme, maana wakijua watawatoa wote wawili Abasia."

Nilimwangalia Fintan. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Uso wake ulikuwa umefanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: ulikuwa kama wa mtoto aliyesikia kutoka chumba cha pili jambo alilokuwa akilihisi siku zote. Mkono wake ulikuwa umefika mezani, kando ya bakuli. Vidole viwili vilikuwa juu ya kijiko.

"Nyumbani kwetu," alisema polepole, kwa Babu tu, lakini kipaza sauti kilimsikia, "mama yangu hakuruhusu jina la Sabina litajwe mezani. Sikuwahi kujua kwa nini."

"Sasa unajua."

"Ile siku ya mvua wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ungeweza kunimaliza pale getini."

"Ningekumaliza," Babu alisema, "na Attracta angebaki nje vile vile."

Fintan alikitazama kijiko. Akakichovya kwenye supu, akakiinua.

Miaka miwili nilikuwa nimeiota siku ya kumwona mtu huyu amevunjika. Sasa alikuwa amevunjika mbele yangu, na mkono uliomvunja ulikuwa umemshika begani asianguke. Ningekuwa na nafasi ya kufikiri, labda ningeona haya. Sikuwa na nafasi. Nilikuwa nafikiria ukuta, nikakimbilia kando ya kompyuta.

Babu aliugeukia ukumbi. "Daktari amesema kipimo chake hakimwoni mwanamke. Mimi namwona. Mimi na Fintan tumeingia Abasia kupitia kwa mama. Ama tunaingia wote, ama tunabaki nje wote. Msiniamini mimi, mimi ni mzee mwenye moyo mbovu. Kiulizeni kipimo. Kama ni cha kweli, kitatuweka mimi na Fintan mahali pamoja."

"Basi tukiulize," alisema Daktari Wendell, machozi yakimtiririka kwa furaha, akanyoosha kidole chake kinene kuelekea kompyuta.

"Daktari, bado sijamaliza kupanga," nilisema.

Kidole kilibonyeza herufi tatu kwa mpigo. Moja ilikuwa ndiyo yenyewe.

Ukuta ukawaka.

FINTAN MULGREEVY, kwa wekundu, na kina Thackwell watatu kando yake, muuza farasi amekozwa wino. COLEMAN MULGREEVY, kwa kijani kibichi, katikati ya Leitrim na Ohio.

Babu alikuwa ameupa ukuta mgongo. Ukumbi ulisoma juu ya kichwa chake. Kwanza ulikuwa mnong'ono, halafu kiti kikaburuzwa, halafu mtu wa meza ya nyuma akapiga kelele:

"Kaa chini, Coleman, umeshinda, bwana. Wewe ni wa shina. Bendera ndiye wa mchungaji."

"Mzee anamwonea huruma," mwingine akasema. "Anataka kumsitiri."

"Mpelekeeni Thackwell tikiti lake."

Hapo ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kilikuwa kicheko kile kile nilichokiota, neno kwa neno, mpaka tikiti. Philo alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni, amefurahi.

Fintan alisoma ukuta kutoka juu mpaka chini. Kijiko kilikuwa bado hewani. Halafu uso ule wa mtoto ukafungwa, kama lango la Abasia lilivyofungwa.

"Kumbe," alimwambia Babu. "Nilikaribia kukuamini. Umekuja na hadithi ya undugu ili nilainike, halafu mjukuu wako anizike mbele ya ukoo wangu."

"Sijakuelewa," Babu alisema.

"Geuka usome. Hatuko pamoja popote."

Babu aligeuka. Aliutazama ukuta akikunja macho. Alipapasa mfuko wa koti la mazishi, mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, kisha mfuko wa ndani.

"Miwani nimeiacha nyumbani," alisema.

Alinitafuta kwa macho ukumbini. Alinipata kando ya kompyuta, na nadhani alinipata haraka kuliko alivyotaka, kwa sababu mimi nilikuwa mtu pekee ambaye hacheki.

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake. Kicheko kilianza kufa, meza ya mbele kwanza, halafu za nyuma, mpaka nikasikia supu ikidondoka kutoka kwenye kijiko cha Fintan, tone kwa tone, juu ya kitambaa cheupe.

"Dervla," Babu alisema, "nisomee. Jina langu lina rangi gani?"